Uvimbe wa Nyuma ya Matumbo

Wadogo zangu mnaobaki kwenye sale, chumba cha upasuaji, mmeniuliza mara nyingi jinsi tulivyojifunza kutoa vivimbe vikubwa vya tumboni bila skana, bila maabara ya kusoma nyama, na siku nyingine bila umeme. Jibu fupi ni kwamba kwanza tulijifunza vibaya. Jibu refu ndilo hili, na mwenye haraka arudi wodini sasa hivi.

Nilifika hospitali ya Butembo asubuhi ya ukungu, nimevaa koti jeupe lililokuwa kubwa kwangu. Mpasuaji mkuu alikuwa Docteur Paluku, mtu mfupi aliyevaa sweta chini ya blauzi yake ya udaktari mwaka mzima. Nilidhani siku ile atanipa kisu. Akanipa kiti. Akaniweka kando ya kitanda cha mgonjwa wa kwanza na kuniambia niweke mkono juu ya tumbo na niuache hapo mpaka atakaporudi. Alirudi baada ya kunywa chai yake yote. Kwa majuma mengi kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kushika matumbo ya watu.

Alinifundisha kwamba uvimbe wa ini hushuka mgonjwa akivuta pumzi. Wa kizazi husogea ukiusukuma kando. Wa nyuma ya matumbo haushuki wala hausogei. Umekaa pale mgongoni, umesukuma matumbo yote upande mmoja, na haujali. Kansa za nyama laini, yaani za mafuta, za misuli na za mishipa, zinapenda kuota huko nyuma kwa sababu kuna nafasi. Haziumi. Mgonjwa anakula vizuri na kwenda shambani, na anakuja kwetu siku kitenge kinapokataa kufunga.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Vile vyuma vipana vya kushikilia tumbo wazi vilikuwa vimevunjika kabla sijafika, basi Docteur Paluku alipeleka mchoro kwa fundi wa kusoude, yaani kuchomelea vyuma, aliyetengeneza madirisha na malango ya watu pale mjini. Vya kwanza vilikuwa na kona kali, mtu angeweza kuvitundika kwenye lango la nyumba. Vikarudishwa. Vya pili bado vinafanya kazi, na ninyi mnavijua, ingawa mnadhani vilitoka Ulaya.

Wa kulaza wagonjwa usingizi alikuwa Idi, muuguzi kutoka Beni, wa familia ya Waislamu wenye malori. Alikuwa akiminya puto la hewa kwa mkono, saa baada ya saa, na alizungumza juu ya mgonjwa kama mtu anayesikiliza injini. Akisema, "Docteur, gari inaanza kupanda mulima," nilijua mapigo ya moyo yanakimbia. Akisema gari inakosa mafuta, nilijua damu inashuka na niache kila kitu nibane mshipa. Sikuwahi kufanya kazi na mashine iliyonieleza mambo vizuri kuliko yeye.

Nyama tuliyotoa ilitiwa ndani ya chupa ya formol, dawa ya kuzuia kuoza, na kupelekwa Kampala kwa basi, kupitia mpaka wa Kasindi. Siku moja mtu wa forodha alitaka kujua kama ni chakula. Majibu yalichukua majuma, na yaliporudi mgonjwa alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Kwa hiyo ilibidi mikono yetu ijue kabla ya karatasi.

Mikono yangu haikujua. Hapo ndipo anapoingia Mama Katungu.

Alikuwa mkulima wa kakao kutoka upande wa Oicha, mjane, mwanamke mrefu aliyekaa wima hata kitandani. Tumbo lake lilikuwa limekua mpaka majirani walianza kuhesabu miezi, akiwa na miaka hamsini na kitu. Aliniambia hilo bila kucheka. Docteur Paluku alikuwa Kampala akitibiwa macho, nami nilikuwa nimepasua hernia na vizazi vya kutosha kujiona mpasuaji. Sikumngojea.

Nilipofungua tumbo nilikuta mafuta ya manjano, mazuri, laini, makubwa kama mtoto wa mwaka mmoja aliyejikunja. Yalitoka kwa urahisi. Nilipitisha vidole pembeni yake na yakaachia, yakaachia, mpaka chini ya figo la kulia ambako yalikuwa yamegandamana. Nilivuta. Yakakatika. Kilichobaki nilikichokoa kwa vidole, kipande kwa kipande, na nikafurahi kwamba figo limebaki salama. Operesheni haikuchukua hata saa mbili. Watu wa sale walinipongeza, nami niliwaacha wanipongeze. Mama Katungu alipoamka nilimwambia nimetoa yote.

Docteur Paluku aliporudi aliomba kuona ule uvimbe, kwa kuwa tulikuwa bado tumeuhifadhi ndani ya beseni. Aliugeuza polepole, akitafuta kitu. Akakuta pale ulipokatika, akaweka kidole chake ndani ya lile tundu. Hakupandisha sauti, aliniita kwa jina tu.

"Kakule, hapa ndipo itarudilia. Wende umuambie."

Sikwenda. Nilisema tungojee majibu ya Kampala. Majibu yakaja: kansa ya mafuta. Nikamwambia Mama Katungu awe anarudi kila baada ya miezi sita, na alipouliza sababu nikasema ni desturi ya hospitali. Alinishukuru kwa Kinande, wasingya, akanishika mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Niliubeba mkono ule kwa siku nyingi.

Yaliyofuata ndiyo masomo yangu halisi. Docteur Paluku alikata karatasi za mafaili ya zamani, akanifanya nichore tumbo nyuma ya karatasi hizo kila jioni kabla ya kufunga ofisi, bila kutazama kitabu, mishipa yote. Aliniambia kwamba kansa hizi zina ganda linalodanganya. Zinaonekana kama yai ndani ya ganda lake, na mpasuaji mchanga anafurahi kulimenya. Lakini mbegu zimekwisha kupita nje ya ganda. Ukimenya, umeacha shamba limepandwa. Basi unapita mbali, kwenye nyama nzima isiyoguswa na ugonjwa, na kila kilichogandamana na uvimbe kinatoka pamoja nao: figo, kipande cha utumbo mpana, tabaka la msuli wa mgongo. Alisema operesheni iliyokwenda vizuri ni ile ambayo hukuuona uvimbe hata mara moja mpaka ulipokuwa nje mezani. Ukiuona, umekwisha kukosea.

Na kitu cha pili alichonifundisha, ninachotaka mkishike kuliko vyote: anza na mahali ambapo huwezi kushinda. Kuna mishipa ambayo mtu hawezi kuishi bila hiyo, ile mikubwa ya mgongoni na ile inayolisha matumbo yote. Nenda huko kwanza, kabla hujafunga hata mshipa mmoja wa figo. Kama uvimbe umeizunguka, mgonjwa bado ana viungo vyake vyote na unaweza kulifunga tumbo lake. Mpasuaji anayeanza na sehemu rahisi anafika kwenye sehemu ngumu wakati hawezi tena kurudi.

Mama Katungu alirudi kama nilivyomwambia; baada ya mavuno mawili tumbo lilikuwa limejaa tena. Sikuhitaji kushika kwa muda mrefu. Docteur Paluku alinitazama tu, akatoka nje ya chumba akafunga mlango, akatuacha wawili.

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba uvimbe umerudi mahali pale nilipoukata, kwamba nilijua tangu juma la kwanza, na kwamba ile desturi ya hospitali ilikuwa uongo wangu. Kulikuwa na mvua juu ya mabati na nilitumaini itaongezeka ili tusiweze kusikilizana.

"Ulijua, na mi nilikuwa naenda kanisa kushukuru," akasema.

Akafunika tumbo lake kwa kitenge.

"Donc hii mara, ule muzee akuwe karibu yako. Na wewe ndio utapasua. Hapana mwengine. Wewe unajua kwenye uliacha."

Tulifanya hivyo. Tulihakikisha kwanza kwamba figo la kushoto linafanya kazi, maana la kulia lilikuwa la kutolewa. Ndugu zake walikuja kutoa damu. Nilipasua kutoka chini ya kifua mpaka chini kabisa, Docteur Paluku upande wa pili wa meza akishikilia vile vyuma vya soudeur, macho yake mabovu karibu na kidonda kuliko sheria inavyoruhusu. Tulianza na mshipa mkubwa. Ulikuwa huru. Tukafunga mishipa ya figo, tukakata utumbo juu na chini ya mahali uvimbe uliposhika, tukaingia mgongoni ndani ya msuli wenyewe. Idi alisema mara mbili kwamba gari inakosa mafuta, na mara mbili tulisimama, tukabana kwa kitambaa, tukangoja. Jua lilikuwa limehama kutoka dirisha moja kwenda jingine tulipouinua wote, umefunikwa kila upande na nyama nzima. Docteur Paluku aliugeuza ndani ya beseni kama mara ya kwanza, akatafuta, asipate tundu. Akavua glavu akaenda kunywa chai. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mama Katungu alipona. Kila mwaka, kakao ikishakauka, alipanda gari kutoka Oicha akaja kushikwa tumbo. Miaka ilipita hivyo.

Katika miaka hiyo watu wangu waliondoka mmoja mmoja. Docteur Paluku alistaafu akarudi kwao Lubero, na baada ya muda mfupi mshipa ulimpasuka kichwani, akafa kabla sijamaliza kumwandikia barua niliyoianza, iliyokuwa na maswali manne juu ya mgonjwa mmoja. Barabara zikawa mbaya, na mke wangu akapeleka watoto Kampala kusoma. Alisema nitawafuata. Nilisema nitawafuata. Lakini kutoka Butembo mpaka Eringeti hakukuwa na mwingine aliyekubali kufungua matumbo ya namna ile, na kila mara nilipotaka kufunga sanduku kulikuwa na mtu kitandani. Baadaye mke wangu aliacha kuuliza, na nilitambua siku nyingi baadaye kwamba ameacha.

Nataka mjue jambo hili kwa sababu vitabu havilisemi. Operesheni ndogo unaifanya na watu. Hii kubwa unaifanya na watu wanne chumbani, lakini mkono ulio nyuma ya figo ni wako tu. Hakuna mwingine anayehisi kama pale ni pagumu au ni palaini. Ukitoka unataka mtu mmoja wa kumwambia, na asiulize pagumu maana yake nini. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani, napasha moto maharage, nafungua redio. Nilianza kuchora matumbo nyuma ya karatasi tena, nikaandika maswali pembeni, halafu nikayajibu mwenyewe kwa maandishi ya kuegemea upande mwingine, kama ya Docteur Paluku. Nilipogundua nimefanya hivyo nikazichoma.

Mwaka mmoja kakao ilikauka na Mama Katungu hakuja. Barabara ya Oicha ilikuwa imefungwa, watu walikuwa wakikimbia. Alipofika mwishowe alifika Beni, hakuweza kuendelea mpaka Butembo, basi tulishuka mimi na Idi. Tumbo lilikuwa limejaa tena, safari hii katikati.

Nilifungua. Nikaenda kwanza mahali ambapo huwezi kushinda, kwenye shina la mishipa inayolisha matumbo, na nikaingiza vidole viwili. Uvimbe ulikuwa umeizunguka kama pete, mgumu, pande zote.

Nilisimama nimeingiza mkono. Chini, upande wa kushoto, palikuwa rahisi. Ningeweza kutoa robo tatu yake na kila mtu angeona kazi kubwa imefanyika. Niliwaza kwamba labda pete ile ina mwanya ambao vidole vyangu havijaupata. Nilitafuta mara ya pili, ya tatu. Niligeuka kutazama upande wa pili wa meza. Palikuwa na daktari kijana aliyekuja kushikilia vyuma, akinitazama, akingoja nimwambie.

"Docteur, tunaendelea?" Idi akauliza.

"Tunafunga," nikasema.

Mama Katungu alipoamka aliweka mkono tumboni mwake kabla ya kunitazama. Alikwisha kujifunza kushika.

"Iko bado ndani."

"Iko ndani, Mama. Imeshika mushipa yenye inalisha matumbo yote. Nikiikata, unakufa mu mikono yangu. Sitaitoa."

Aliuliza ana muda gani. Nilisema sijui, labda msimu mmoja wa mavuno, labda miwili, na kwamba hatutamwacha na maumivu. Aliitikia kwa kichwa polepole.

"Hii mara umeniambia siku ileile," akasema.

Akaomba maji. Nilimshikilia kikombe, akanywa yote.

Aliishi msimu mmoja wa mavuno na nusu. Binti yake ndiye aliyenieleza alipopata njia ya kufika Butembo. Alisema mamake alikaa kwenye kiti nje ya nyumba, akichambua kakao mbaya na nzuri mpaka juma la mwisho, na kwamba alikuwa akiwaambia wanawake wanaokuja kumwona waende kushikwa matumbo mapema. Wanane kati yao walikuja. Saba hawakuwa na kitu. Sikufika mazishini, siku ile hakuna gari lililokubali njia.

Yule daktari kijana aliyeshikilia vyuma alikuwa Docteur Masika. Aliomba kubaki nami. Nilimpa kiti, nikamwonyesha mgonjwa, nikamwambia aweke mkono. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu na maswali mengi kuliko nilivyopenda, na kwa miaka minne tulipasua pamoja, nikikumbuka jinsi ilivyo kuwa na mtu upande wa pili. Halafu vidole vyangu vilianza kutetemeka kwenye nyuzi nyembamba. Aliona kabla yangu, akawa anachukua nyuzi nyembamba yeye bila kusema. Nilipotambua kwa nini, niliandika barua ya kustaafu. Yeye akawekwa Beni, mpasuaji peke yake, na Idi akamfuata.

Nilikwenda Kampala kama nilivyoahidi. Mke wangu alinipokea vizuri, kama anavyopokewa mgeni wa heshima. Wajukuu walinisalimia kwa Kiingereza. Walikuwa na saa zao za kula, na nyimbo zao, na mzaha ambao ilibidi nielezwe. Baada ya majuma mawili nilisema lazima nirudi Butembo kushughulikia makaratasi. Hakuna aliyeuliza makaratasi gani. Makaratasi yalikwisha zamani, na bado niko hapa.

Mwezi uliopita, Jumanne baada ya saa sita mchana, simu ililia. Alikuwa Docteur Masika kutoka Beni, sauti yake ikipita nyuma ya barakoa. Alikuwa na mgonjwa mezani, kijana wa Mulekera anayeendesha moto, yaani pikipiki ya kubeba watu, uvimbe wa nyuma ya matumbo upande wa kushoto. Idi alikuwa amemshikia simu sikioni.

"Mushipa mukubwa iko huru, nimeanzia kule," akasema. "Mais figo inashikana na uvimbe."

Nilimuuliza figo lingine. Akasema amelipima, ni zima.

"Basi toa pamoja."

"Nilikuwa najua jibu, Docteur." Akaomba kitambaa. "Hapana kata simu. Kaa tu pale."

Idi aliiweka simu mahali fulani, nadhani dirishani, sauti ikiwa imefunguliwa. Nikakaa kwenye kiti changu pale sebuleni, simu juu ya meza mbele yangu. Nilisikia puto la hewa likiminywa. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia, kinyonyaji cha damu kikikoroma, Masika akiomba kitu kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenisemesha. Wakati mmoja nilitaka kupiga kelele kwamba afunge mshipa wa figo wa nyuma, ule mdogo unaosahaulika, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia akiomba uzi wa mshipa wa nyuma. Nikafunga mdomo. Wakati mwingine Idi alisema gari inakosa mafuta, na vyuma vyote vikanyamaza, nami nikashika ukingo wa meza na kuubana kwa mikono miwili mpaka nikasikia wameanza tena.

Mvua ilikuja ikapita. Sikuinuka.

Kisha nilisikia kitu kizito kikitua ndani ya beseni, na kimya. Najua kimya kile. Ni mtu anageuza uvimbe na kutafuta tundu. Kilikuwa kirefu. Halafu Masika akaomba nyuzi za kufungia.

"Docteur, uko bado?" Idi akauliza, karibu na simu.

"Niko."

"Gari iko muzuri. Tunahesabu kompresi."

Muuguzi akaanza kuvihesabu vile vitambaa kwa Kifaransa, kimoja kimoja, kama ilivyo lazima kabla tumbo halijafungwa, na mwingine akarudia kila namba baada yake. Mimi nilihesabu nao kwa sauti, peke yangu sebuleni, mpaka cha mwisho. Vilitimia. Idi akakata simu bila kuaga, kama tunavyofanya watu wa kazi, nami nikainuka kwenda kunawa mikono.